Nyuki na kodi ya ardhi Texas: unayoambiwa na dalali na yalivyo kweli

Haipiti mwezi sijapigiwa simu na ndugu yetu mmoja wa Houston au Dallas, kajibana miaka, kapata vijisenti, sasa anataka ekari kadhaa huko nje ya mji, na dalali kashamwambia "kodi isikutishe, weka mizinga miwili mitatu ya nyuki unasamehewa". Mimi nafuga nyuki huku Texas na hili jambo linaniuma sana, maana watu wananunua ardhi kwa hesabu ambayo haipo.

Tuanze na hilo neno kusamehewa. Hakuna anayesamehewa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwahiyo shule na kaunti zinategemea sana kodi ya ardhi na nyumba, ndo maana bili inakuja nzito. Mkulima anachopata ni kwamba shamba lake linathaminiwa kwa kile linachoweza kuzalisha, ile bei ya sokoni inawekwa pembeni. Chukua mfano tu: ekari 10, sokoni dola 200,000, kodi tuseme asilimia 2, hapo unalipa 4,000 kwa mwaka. Zikithaminiwa kama shamba kwa dola 200 kila ekari, thamani yote inakuwa 2,000 na kodi ni dola 40. Unaona kwanini watu wanaikimbilia. Ila nyumba na kiwanja ilipokaa, mara nyingi ekari moja, vinabaki bei ya soko, na hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu sheria inataka ardhi ya nyuki isipungue ekari 5 wala isizidi 20, sasa wewe umenunua 5 kamili, umejenga, umebaki na 4, basi imekula kwako.

Mizinga miwili haitoshi. Idadi inapangwa na ofisi ya tathmini ya kaunti yako, na nyingi zinataka 6 kwa ekari 5 za mwanzo alafu mmoja zaidi kila ekari 2 na nusu, ukifika 20 ni mizinga 12. Zipo zenye utaratibu wao, kwahiyo kawaombe karatasi ya masharti kabla hujasaini kitu chochote.

Sasa hili ndo limewaumiza watu wengi kuliko yote: "weka nyuki leo, mwakani kodi inashuka". Jamani hapana! Ardhi lazima iwe imetumika kwa kilimo miaka 5 kati ya 7 iliyopita. Kama ni pori tu halina historia, utafuga nyuki wako miaka 5 yote huku unalipa kodi kamili, ndipo uombe, na ndani ya mipaka ya mji masharti yanakuwa makali zaidi. Njia rahisi ni kutafuta ardhi ambayo tayari ilikuwa ya ng'ombe au nyasi za kukata na inatambulika hivyo, wewe unabadilisha shughuli tu, unaingiza nyuki, historia inaendelea. Swali la kwanza kwa dalali liwe hilo, bei baadaye.

Wengine wanaweka masanduku matupu barabarani ili yaonekane. Mzinga usio na nyuki ni mbao tu, mkaguzi akija anataka aone nyuki wakiingia na kutoka. Na nyuki wa huku hawajilei wenyewe. Juzi nilichota nusu kikombe cha nyuki kwenye mzinga mmoja, kama 300 hivi, nikawatia kwenye chupa ya spiriti, nikatikisa, nikamwaga juu ya kitambaa cheupe. Nikahesabu varoa 14, vile vidudu vyekundu kama utitiri wa kuku, wakati ukishafika 9 kwa idadi hiyo inabidi utibu haraka, na mzinga kwa nje ulikuwa umechangamka kabisa. Ningeuacha mpaka baridi ningekuta umekufa. Alafu jua la Agosti, maua hakuna, maji hakuna, unawapikia sharubati ya sukari.

Huwezi kazi hiyo? Sio lazima mizinga iwe yako. Unaweza kuingia mkataba na mfugaji akaleta mizinga yake na kuihudumia, wewe unamlipa, mkataba na risiti unaziweka vizuri kwa siku ya kuulizwa.

Na wale wanaosema nyuki wa Texas ni wapole wa Kizungu wasikilize: kundi la kwanza la nyuki chotara wenye damu ya Afrika liliingia kutokea Mexico likaonekana Hidalgo, mji wa Texas mpakani na Mexico, mwaka 1990, kizazi cha malkia waliopelekwa Brazili 1956, jamii ile ile ya nyuki wetu wa kwetu Afrika Mashariki. Kundi likianza ukali badilisha malkia mapema, jirani ana watoto.

Ukija kugeuza shamba kuwa kitu kingine, mfano umeanza kujenga nyumba za kupangisha, unadaiwa ile tofauti ya kodi ya miaka 3 ya nyuma. Zamani ilikuwa miaka 5 na riba juu, wakapunguza 2019, riba wakaifuta 2021.

La mwisho, "nimenunua likiwa tayari shamba, kwahiyo sina cha kufanya". Jamaa yangu mmoja alinunua Novemba, akaleta nyuki wazuri kabisa, akatulia, mwaka uliofuata bili ikaja kamili maana jina la mwenye ardhi limebadilika na mwenye jina jipya lazima aombe upya. Fomu inaitwa 50-129, ipeleke kabla ya Mei 1, ukichelewa kidogo bado wanaweza kupokea ila unapigwa faini ya asilimia 10 ya kile ulichookoa, na ukishaipeleka usitoke pale bila kopi yenye muhuri.