Je, wajua kwa nini breki nzima kabisa hufeli kwenye mteremko?

Ukitoka Iringa kushuka Kitonga utakuta malori yanatambaa kwa mstari, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde la Mto Lukosi chini upande wa pili. Abiria wa mabasi hukosa subira. Hata wasafiri wa magari ya kulala, yale yenye vitanda na jiko ndani, wanaoingilia Tunduma na kupita Mbeya, huuliza: kama breki ni nzuri, kwa nini tusishuke kwa mwendo wa kawaida?

Kwa sababu breki haiufuti mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali.

Chukua gari la kulala la tani 3.5 linaloshuka kimo cha mita 500 likizuiwa na breki peke yake. Ukiondoa kiasi kinachochukuliwa na upepo na matairi, joto linalobaki lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu kwa malori makubwa ya Tanzania, lingechemsha zaidi ya lita 700, yaani mapipa matatu na zaidi. Sasa fikiria moto wote huo umeingia kwenye vyuma vichache vilivyofichwa ndani ya magurudumu, kwa dakika chache tu.

Kinachofuata hutegemea aina ya breki. Kwenye lori, dramu la chuma likipata moto hutanuka na kuvikimbia vile vipande vinavyolibana kutoka ndani. Dereva anakanyaga, vipande vinasogea hadi mwisho wa safari yake, na bado havibani sawasawa. Vyenyewe pia vikizidiwa na joto hupoteza ukali wa kushika. Kwenye magari madogo kuna hatari nyingine: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kadiri miaka inavyokwenda. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedali inazama hadi chini, gari halina habari.

Ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia, baada ya ajali kwenye miteremko ya Iwambi au Mlima Nyoka huko Mbeya, watu wakisema gari lilikuwa limetoka gereji juzi. Linaweza kuwa limetoka kweli. Breki mpya nayo ina kikomo cha joto.

Kazi ya kulizuia gari mlimani ni ya injini. Ukiwa kwenye gia nzito, namba mbili au tatu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, tena kwa kasi kubwa, na ukinzani wake unalivuta gari nyuma. Injini ya petroli hufanya kazi hiyo vizuri. Ya dizeli ikiachwa hivi hivi huzuia kwa nguvu ndogo kuliko ya petroli, na ndiyo sababu malori huwekewa breki ya ekzosi, inayobana moshi usitoke ili injini iwe nzito kuzunguka. Gari la otomatiki nalo lina nafasi ya kuchagua gia ya chini. Wengi hawajawahi kuigusa!

Gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka. Lori zito likishachanganya mwendo, gia nzito inaweza kukataa kuingia, na dereva akabaki nyutro katikati ya mteremko akiwa na breki zinazotoa moshi. Wapo wanaotupa nyutro makusudi wakidhani wanaokoa mafuta. Hawaokoi. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa mguu unapotoka kwenye pedali gari likiwa ndani ya gia. Nyutro ndiyo inayozilazimisha kuchoma mafuta ili zisizime. Maisha ya watu yanahatarishwa kwa faida isiyokuwepo.

Breki zitumike kusaidia tu: kanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke kama kilomita 8 au 10 kwa saa chini ya ule uliouchagua, kisha achia kabisa zipate hewa. Kuzishikilia kwa mguu mwepesi kutoka juu hadi chini ndiko kunakozipika.

Na ukifika bonde la chini magurudumu yakinuka, usimwagie maji. Chuma cha moto kinaweza kupasuka. Kama breki bado zinashika, endelea polepole kwenye tambarare upepo uzipooze, kisha simama na kuweka kigingi kwenye tairi.