Mashine ya unyevu haitibu nimonia: maswali ya kila msimu wa baridi

Baridi ikianza, madirisha yanafungwa, hita zinawashwa usiku kucha, na mashine za kuongeza unyevu hewani zinatolewa kabatini. Mashine zenyewe hazina ubaya. Kinachotuuma sisi wahudumu wa afya ni mtoto anayefikishwa kwetu akiwa hoi, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, na mzazi anaeleza kwamba hali hiyo ilianza juzi ila walikuwa wanamwashia mashine, wakaona wasubiri kidogo.

Mashine hii inafanya kazi gani hasa?

Inatoa mvuke au matone madogo sana ya maji na kuyasambaza chumbani. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na ikipashwa joto ndani ya nyumba bila kuongezewa maji, ukavu wake unazidi. Ndiyo maana koo linakereketa, midomo inapasuka, pua inatoka damu na kamasi inakauka na kuziba. Unyevu ukirudi, kero hizo hupungua. Kazi yake inaishia hapo.

Kwa hiyo haitibu nimonia?

Haitibu. Nimonia ni maambukizi ndani kabisa ya mapafu, na unyevu wa chumbani hauui kimelea chochote. Haitibu pumu wala kifua kikuu. Hata ule ugonjwa wa koo unaomfanya mtoto akohoe kama anabweka, ambao zamani ulihusishwa sana na tiba ya mvuke, tafiti hazikuonyesha kwamba hewa yenye unyevu inausaidia. Mtoto akipumua kwa shida, mashine si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kituo cha afya.

Nitajuaje kama ni mafua tu au ni zaidi ya mafua?

Hesabu pumzi. Subiri mtoto atulie au alale, maana akilia hesabu haitakuwa sahihi. Mfunue nguo mpaka uone kifua na tumbo. Shika saa, hesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi, mara haraka mara polepole.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiipata hesabu hiyo, mpeleke mtoto hospitali.

Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Ikibonyea ndani wakati anavuta pumzi, usirudie hata kuhesabu. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au midomo ikibadilika rangi: ondokeni.

Usiku umeingia na baridi ni kali. Si afadhali tumwashie mashine tungoje asubuhi?

Hapana. Mtoto mwenye dalili hizo hangojeshwi asubuhi. Tunajua baridi ya usiku inatisha, na tunajua wengi wanaogopa kumtoa mtoto nje "kifua kisipigwe". Mfunike vizuri uende naye. Kinachomuua mtoto mwenye nimonia ni kukosa dawa na oksijeni kwa wakati, na saa zile anazolala karibu na mashine ndizo saa ambazo angekuwa ameshaanza matibabu. Tunalirudia hili kila msimu, na kila msimu wanaletwa wamechelewa.

Mbona hospitali walimvika kifaa kinachotoa moshi kama huohuo akapata nafuu?

Kile ni nebulaiza, si mashine ya unyevu. Nebulaiza hubeba dawa iliyopimwa, kwa mfano ya kutanua njia za hewa, na kuifikisha kwenye mapafu kupitia barakoa. Mashine ya nyumbani inatoa maji tu. Kufanana kwa moshi kusikudanganye, na tafadhali usimimine dawa ya nebulaiza kwenye tangi la mashine ya unyevu. Mwenye pumu akibanwa, atumie pampu yake kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu, aende hospitali mara moja.

Na mtu mzima?

Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ukikohoa damu, ukiumwa kifua pamoja na homa kali, usikae nyumbani ukijifukiza. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu.

Unyevu uwe kiasi gani?

Kati ya asilimia 30 na 50. Kipimo chake kinaitwa haigromita, ni kifaa kidogo, na mashine nyingine huja nacho. Maji yakitiririka kwenye vioo vya madirisha au ukuta ukianza kuota kuvu, umezidisha: zima. Chumba chenye maji mno hustawisha kuvu na wadudu wadogo wa vumbi, na hao ndio wanaoamsha pumu uliyotaka kuituliza.

Naisafishaje?

Fungua tangi, pitisha kidole chini kabisa, kwenye kona. Ukihisi utelezi, huo ni utando wa bakteria na kuvu, na ndio mliokuwa mnauvuta usiku. Kila siku chomoa waya kwenye umeme, mwaga maji yaliyobaki, futa tangi likauke, weka maji mapya. Kila baada ya siku 2 au 3 lisugue kwa namna mtengenezaji alivyoeleza, kisha lisuuze sana ili dawa ya kusafishia isibaki. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakawa maji tena bila madini, ndiyo bora, hasa kwa mashine zinazotoa ukungu baridi, kwa kuwa maji ya bomba yenye madini huacha unga mweupe kwenye samani, na unga huo mnauvuta pia. Kuyachemsha hakuondoi madini.

Mtu akipata homa, kikohozi na kubanwa kifua saa chache baada ya mashine kuwashwa, na akipata nafuu akitoka nyumbani, mashine izimwe na aonane na daktari.

Naweza kutia mafuta ya mkaratusi, dawa ya kuchua au dawa ya kuua vijidudu kwenye maji?

Usitie. Usitie hata tone. Huko Korea Kusini, dawa za kuua vijidudu zilizouzwa mahsusi kwa kutiwa kwenye maji ya mashine hizi ziliharibu mapafu ya watu wengi, wakiwemo watoto na wajawazito, na wengi walikufa. Chanzo kilibainika mwaka 2011. Kemikali isiyodhuru sana ikigusa ngozi inaweza kuwa sumu ikivutwa hadi ndani ya mapafu. Mafuta yenye harufu kali nayo huweza kubana njia za hewa za mtoto mdogo.

Sina mashine. Nimfukize mtoto kwa maji ya moto chini ya shuka?

Usimfukize. Beseni linapinduka, na majeraha ya moto yanayotokana na kujifukiza ni mabaya. Usichemshe maji kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa pia. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Mtoto mwenye pua iliyoziba mtie matone ya maji ya chumvi ya dukani kabla ya kunyonya, na mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Mtoto amepimwa na kupewa dawa. Naweza kuwasha mashine sasa?

Unaweza, kama ni safi. Iweke mbali na kitanda, na kama ni ya mvuke wa moto, mahali ambapo mkono wake hauifikii wala hawezi kuvuta waya. Dawa aimalize hata akichangamka mapema, na mrudishe siku uliyopangiwa. Pumzi zikianza kwenda mbio tena, msisubiri siku hiyo.