Raba za kaboni: yanayosemwa kijiweni na yaliyo kweli

Raba niliyoishika ni ya mtumba, soli yake imeumuka kama mkate wa kumimina. Nikibonyeza kisigino kwa kidole gumba povu linazama, kisha linarudi papo hapo. Nikijaribu kuikunja katikati haikunjiki, maana ndani kuna bamba jembamba la nyuzi za kaboni. Tangu raba za namna hii ziingie barabarani, sisi tunaokimbia alfajiri hatuishi kubishana, na mengi tunayoambiana si kweli.

"Ndani mna springi." Hili ndilo nalisikia zaidi: eti bamba linajikunja, kisha linamrusha mkimbiaji mbele. Kumbe kazi kubwa inafanywa na povu. Povu la raba za kawaida hurudisha kama theluthi mbili ya nguvu unayolikandamizia. Hili jipya, lilipopimwa maabara, lilirudisha asilimia 87. Watafiti waliwahi kulikata bamba sehemu ya mbele ya kiatu ili lisiwe gumu tena, wakawapima upya wakimbiaji. Nguvu waliyotumia ilibaki karibu ileile. Halafu angalia hiyo 87 yenyewe: haifiki 100. Kila hatua kuna kinachopotea, na kinachorudi kilitoka kwenye paja na kigimbi chako. Kiatu hakina nguvu yake.

"Ukivaa unapunguza muda kwa asilimia 4." Namba hii ilitoka Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2017, kwa wakimbiaji 18. Kilichopungua kwa wastani huo ni nishati waliyoitumia kwenye mwendo uleule, si muda wa saa. Tena walipimwa wakienda kilomita 14 hadi 18 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu hatuuwezi hata kwa nusu saa. Anayemaliza marathoni kwa saa 4 asihesabu dakika 10 za bure.

"Kipchoge alinyimwa rekodi kwa sababu ya viatu." Hapana. Pale Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, na tangu mwanzo ilijulikana kwamba muda huo hautaingia kwenye vitabu vya rekodi. Hayakuwa mashindano ya wazi. Waliokimbia mbele kumkatia upepo walipokezana kwa zamu, gari lililomtangulia lilimulika barabarani mahali pa kukimbilia, na vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Kanuni ya kwamba soli isizidi milimita 40 na bamba liwe moja tu ilitoka mwishoni mwa Januari 2020, miezi zaidi ya mitatu baadaye. Kesho yake baada ya Vienna, Brigid Kosgei alishinda marathoni ya Chicago kwa 2:14:04, akafuta rekodi ya dunia ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyokaa miaka 16. Naye alivaa raba za kizazi hiki, na rekodi yake ilikubaliwa.

Wapo pia wanaovuta kamba upande wa pili: "Bikila alishinda peku, viatu ni mbwembwe tu." Ni kweli Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, kwa 2:15:16. Wanachosahau ni Tokyo, 1964. Wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Mwethiopia yuleyule alishinda tena kwa 2:12:11, safari hii akiwa na viatu. Sisemi viatu ndivyo vilivyompa zile dakika tatu. Nasema yeye mwenyewe hakuvidharau.

Linaloniuma ni hili: "Wazee wetu walikimbia bila teknolojia yoyote." Tukisema hivyo tunafuta nusu ya habari yao. Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alipokimbia Mtanzania John Stephen Akhwari, ndiyo ya kwanza kuwa na uwanja wa tartani, yaani sakafu ya kutengenezwa inayofanana na mpira, badala ya udongo na makaa yaliyosagwa. Filbert Bayi naye alikuwa juu ya tartani kule Christchurch mwaka 1974, alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2. Ila tartani ile ilikuwa ya wote waliosimama mstarini siku hiyo. Aliyetoka mbele tangu mlio wa bastola, bila mtu wa kumkatia upepo, akakaa mbele mpaka utepe, ni Bayi peke yake.

Muuzaji wa mtumba aliniapia kwamba kaboni haiishi. Bamba ni kweli linadumu. Povu ndilo linalochoka, na likichoka umebaki na raba ngumu ya bei kubwa. Hii ya kulia ndiyo niliyoibonyeza mwanzo. Ya kushoto ina vikunyanzi pembeni ya kisigino, na nikiibonyeza shimo la kidole linabaki palepale.