Kwizi za mtandaoni kwenye somo la programu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Kwizi ni ya kupimia tu, kujifunza kuko kwenye notisi."
Kulisaka jibu kichwani ndiko kunakokaza kumbukumbu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele ya waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 hivi, wenzao 42. Kwa hiyo kwizi ya wiki ya vitanzi (msimbo unaojirudia, "loops") iwe na swali moja au mawili ya vigeu (majina yanayobeba thamani, "variables"), vilivyofundishwa wiki mbili nyuma.

"Maswali ya kuchagua hayafai kwa programu."
Yasiyofaa ni yale ya "nani alibuni lugha ya Python?" Swali zuri linampa mwanafunzi msimbo mfupi atabiri matokeo bila kuuendesha:

```
jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)
```

Jibu ni 10, maana range(1, 5) hutoa 1, 2, 3 na 4 tu. Kazi kubwa iko kwenye majibu yasiyo sahihi, maana kila moja linatakiwa liwe kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Anayechagua 15 anadhani 5 imo ndani ya range. Wa 4 anadhani kila mzunguko unafuta thamani iliyotangulia. Wa 6 ameanzia 0 akazunguka mara nne. Ukishajua hivyo, kila chaguo linapata maelezo yake, wa 15 aambiwe: "Andika thamani za i moja moja. Ya mwisho ni ipi?" Ujumbe wa "si sahihi, jaribu tena" haumfundishi mtu chochote. Na chaguo la kujazia nafasi, tuseme 100, hakuna atakayeligusa.

"Wakiruhusiwa kurudia, alama zitakuwa za bure."
Zitakuwa za bure ukirudisha maswali yaleyale na kuonyesha jibu sahihi papo hapo. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, fungua benki ya maswali, kila mada na kundi lake, uandike maswali 4 au 5 ya aina moja yenye namba tofauti, kisha kwizi ichote mojawapo kwa bahati nasibu. Ruhusu majaribio 3, ihesabiwe alama ya juu, na pawe na saa 12 kati ya jaribio na jaribio. Maelezo ya kosa yaonekane mara moja. Jibu sahihi lisubiri kwizi ifungwe. Maswali 6 yanatosha. Kikomo cha muda, kama ni lazima, kiwe kirefu: dakika 10 zinamwadhibu mwenye mtandao wa kusuasua, si asiyejua.

Uzito ubaki asilimia 5 hadi 10 ya kozi. Ukiupandisha hadi 30, picha za skrini zitazunguka kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa moja kupita, na hakuna mpangilio wa Moodle utakaozizuia.

"Kompyuta ikisahihisha misimbo, mwalimu amepumzika."
CodeRunner, kiongezi cha Moodle kilichotoka Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, huendesha msimbo wa mwanafunzi na kulinganisha matokeo. Lakini mwenye mantiki sahihi hukosa alama kwa kuchapisha "Jumla: 10" pale palipotarajiwa 10. Omba fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayorudisha thamani, upime thamani hiyo badala ya maandishi ya kwenye skrini. Ongeza vipimo vilivyofichwa: orodha tupu, namba hasi, orodha yenye kitu kimoja. Bila hivyo, mjanja ataandika `return 10` na kuondoka na alama zote.

"Swali walilokosa wengi ni gumu."
Pengine ni bovu. Fungua ripoti ya takwimu ya kwizi na utazame kipimo cha kutofautisha wanafunzi, kinachoonyesha kama wanaolipata swali ndio wenye alama za juu kwenye kwizi. Kikiwa hasi, wenye alama za juu ndio wanaolikosa. Anza kwa kukagua jibu ulilolitia alama kuwa sahihi: maswali yanayonakiliwa hubadilishwa namba kwenye msimbo, jibu likabaki la zamani.