Waya mzima, bolti legevu: propela ya mbao na kiangazi cha Lubumbashi

Mwezi wa tisa umeingia, vumbi jekundu linapeperuka pale Luano, uwanja wetu wa ndege, na nimeambiwa tena na mwenye ndege maneno yale yale: «Papa, waya haijakatika, bolti ziko muzuri.» Nimeyasikia kwa marubani, kwa vijana wanaojifunza ufundi, hata kwa mafundi wenye leseni. Leo naandika jibu lote mahali pamoja, maana imani hii inaweza kuua mtu.

Waya wa usalama una kazi moja tu, kuzuia kichwa cha bolti kisizunguke. Haujui bolti inabana kwa nguvu kiasi gani. Kwenye propela ya chuma mazoea hayo hayakuumbui sana, kwa sababu chuma hakibadiliki unene kwa hali ya hewa. Bolti isipozunguka, kwa kawaida bado imebana. Kwenye mbao bolti inaweza kukaa palepale ilipofungwa, isizunguke hata kidogo, waya umenyooka kama siku ya kwanza, na isiwe inabana chochote. Bolti haikusogea. Kilichosogea ni mbao, imesinyaa.

Kosa la pili linazaa hilo la kwanza: watu wanadhani bolti ndizo zinazoisukuma propela izunguke. Kazi hiyo ni ya msuguano kati ya flanji, ile sahani ya mwisho wa shafti ya injini, na uso wa kitovu, yaani sehemu ya katikati ya propela. Bolti zinabana, mbano unaleta msuguano, msuguano ndio unaobeba nguvu ya injini. Na injini haisukumi kwa ulaini. Ile ya silinda nne yenye mipigo minne inapiga mara mbili katika kila mzunguko, na kila pigo linataka kukitelezesha kitovu juu ya flanji. Mbano ukipungua, kitovu kinaanza kucheza mbele na nyuma, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Hapo joto linazaliwa, mbao inaungua taratibu, matundu yanatanuka, na bolti zinapindwa huku na huku mpaka moja inachoka na kukatika. Zilizobaki zinarithi mzigo wake. Kuna flanji zenye bushi za kusukuma, vipande vya chuma kama mirija vinavyoingia ndani ya kitovu, na wenye nazo huniambia wao wako salama. Bushi zinasaidia, lakini hazikuwekwa hapo kufanya kazi ya msuguano peke yake.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu watu hawaniamini. Mbao ikikauka haipungui urefu wa kuonekana; inapungua kwa kukatisha nyuzi, na bolti zinapita kwa upande huo hasa. Chukua betula ya manjano, mmoja wa miti inayotengenezewa propela. Kutoka ubichi hadi ukavu kabisa inasinyaa asilimia 7.3 upande mmoja wa kukatisha nyuzi na asilimia 9.5 upande wa pili, na kusinyaa huko kunaanza unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Yaani kila asilimia moja ya unyevu inayotoka inaondoa takriban robo ya asilimia ya unene, au zaidi. Kitovu cha milimita 100 kikipoteza asilimia 3 tu za unyevu, kimepungua karibu milimita 0.7. Bolti ya chuma ya urefu huo, ikikazwa kwa kiasi cha kawaida, imevutika kama milimita 0.1. Mbao nayo ilikuwa imebanwa, kwa hiyo inarudi kidogo na kuziba sehemu ya pengo. Lakini sehemu kubwa ya mbano uliouweka wakati wa mvua inaweza kuwa imekwisha, na hakuna aliyegusa spana.

Hapa kwetu mabadiliko hayo yanakuja kila mwaka. Tuko kwenye mita 1,300 hivi juu ya bahari, mvua zinakoma karibu na mwezi wa nne, kisha miezi inapita bila tone, na kufikia mwezi wa tisa na wa kumi hewa inakausha mpaka midomo inapasuka. Vanishi inachelewesha unyevu kutoka, haiuzuii, tena ndani ya matundu ya bolti mara nyingi haipo. Ongeza joto la injini lililo sentimita chache nyuma ya kitovu. Hatari zaidi ni propela iliyokaa majira ya mvua pembeni mwa ziwa, tuseme Kalemie, kisha ikaletwa hapa mwezi wa nane. Mwenyewe anahesabu saa alizoruka, wakati mbao inahesabu siku za ukavu.

Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, AC 43.13-1B, unataka bolti zikaguliwe baada ya safari ya kwanza, baada ya saa 25 za mwanzo, kisha angalau kila saa 50. Watu wanashika namba hizo na kuacha kilichoandikwa papo hapo, kwamba hakuna muda maalumu unaoweza kutajwa kwa uhakika kwa sababu unyevu wa hewa unaibadilisha mbao. Kwa Katanga mimi naongeza ukaguzi mara tatu kwa mwaka bila kujali saa: mvua zinapokatika, katikati ya kiangazi, na mvua za kwanza zinaporudi.

Huo wa tatu unawashangaza wengi. Wanauliza, mbao ikivimba si itajikaza yenyewe? Itajikaza kupita kiasi. Imefungiwa kati ya flanji na sahani ya mbele, haina pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake zinapondeka. Nyuzi zilizopondeka hazirudi. Kiangazi kinachofuata kitovu kinasinyaa kutoka unene mdogo zaidi, na bolti zinalegea mapema kuliko mwaka uliopita. Ndiyo maana nakasirika nikimwona mtu anaongeza nguvu «kwa usalama». Kila unapopita kipimo cha mtengenezaji unaiponda mbao ile ile unayoitegemea.

Namna ya kukagua: injini iwe imepoa, magneto, vifaa vinavyotoa cheche za injini, zimezimwa, kata waya wote. Usiridhike spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikilia tu. Bolti iliyoshikwa na kutu au uchafu itakupa mlio mzuri huku haibani. Legeza kila moja kidogo, rudisha kwa kukatisha pande, hatua kwa hatua, mpaka kipimo cha kitabu cha propela hiyo. Kisha pima mapito ya ncha, yaani kama ncha za mapanga zinapita mstari mmoja. Mapanga yakitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi, umekaza upande mmoja kuliko mwingine, au flanji ina shida. Funga waya mpya.

Nakiri hapa kwamba hata spana ya torki haipimi tunachokitaka. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono zinapotea kwenye msuguano wa uzi wa bolti na chini ya kichwa chake. Inayobana ni ile ndogo iliyobaki. Uzi ukiwa na mafuta pale kitabu kinapotaka ukavu, namba ni ile ile lakini mbano ni mwingine. Kwa hiyo naandika kwenye kitabu cha ndege torki niliyoikuta kabla ya kurekebisha, pamoja na unyevu wa hewa wa siku hiyo. Mwelekeo wa namba hizo kwa misimu miwili mitatu naamini kuliko namba moja.

Mengine kwa haraka. Egesha propela ikiwa imelala, isisimame, maji yasikusanyike kwenye panga la chini. Vitundu vya kutolea maji kwenye ncha zenye bamba la metali visizibwe kwa rangi. Ndege haisukumwi kwa kushika ncha. Ufa unaokatisha panga: propela haitoki hangarini.

Na bolti zikikutwa legevu tena muda mfupi baada ya kuzirekebisha, msimu ni ule ule, acha kukaza. Ishushe propela uangalie uso wa kitovu. Weusi wa kuungua pale flanji ilipolala, matundu yaliyokuwa duara yakawa ya yai, au nyufa kati ya tundu la shafti na matundu ya bolti: hiyo imekwisha. Msasa, gundi na vanishi havirudishi nyuzi zilizoungua. Kabla ya kufunga nyingine, kagua flanji yenyewe, na usirudishe bolti hata moja ya zile za zamani.