Alteneta kubwa haichemshi betri

Hili ni gari la tatu mwaka huu lenye ugonjwa uleule na maelezo yaleyale. Betri inachemka, maji yanakauka kila baada ya siku chache, taa za mbele zinaungua ovyo, na ukifungua boneti unapigwa na harufu ya mayai viza. Mwenye gari ameshaambiwa sababu: alteneta aliyofungiwa (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari) ina ampea nyingi mno, betri haiwezi kuzimeza, atafute ndogo. Ameitafuta, ameilipia, ameifunga. Betri inachemka vilevile. Nimechoka kueleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika.

Namba ya ampea iliyobandikwa kwenye alteneta ni kikomo cha uwezo wake. Siyo kiasi inachosukuma muda wote. Chukua matenki mawili, moja jembamba na jingine pana, yote yana kina kimoja cha maji na bomba la upana mmoja: ndoo itajaa kwa mwendo uleule. Kinachosukuma ni kina, na kwenye gari kina ni volti. Betri iliyojaa ukiipa volti 14.2 itavuta ampea chache tu, iwe alteneta ni ya ampea 45 au 120. Ukiipa 15.6 itachemka hata ukifunga alteneta ndogo kuliko zote. Na anayepanga volti ni regyuleta, ile ambayo wengi tunaiita katauti. Nadhani imani hii ni mabaki ya enzi za dinamo, mashine ya umeme ya magari ya zamani kabla ya alteneta, kwa sababu dinamo kweli haikuweza kujizuia, ikabidi regyuleta yake iwe na koili ya pekee ya kubana ampea. Alteneta hujibana yenyewe kwa jinsi ilivyoundwa.

Kabla ya kushika spana, pima. Na kabla ya kupima, badilisha betri ya mita yako. Mita ya dijitali yenye betri iliyochoka husoma juu kuliko ukweli, na nimewahi kuona mtu akitupa regyuleta nzima kabisa kwa ajili ya hilo. Weka vibanio kwenye vichwa vyenyewe vya betri, siyo kwenye klempu. Peleka injini kwenye mizunguko kama 2000 hivi kwa dakika, zima kila kitu. Ukipata 13.8 mpaka 14.5, chaji ni ya kawaida. Ukipita 15 injini ikiwa imepata moto, hapo kuna tatizo bila mjadala. Asubuhi ya baridi usishtuke kuona 14.7, maana regyuleta nyingi zimetengenezwa zipandishe volti kwenye baridi na kuzishusha kwenye joto. Kati ya 14.6 na 15 injini ikiwa ya moto sina jibu moja la kukupa. Mimi huangalia maji ya betri kwa wiki mbili ndipo naamua.

Sasa, kuna betri inayochemka huku mita inasoma 13.9. Hiyo si chaji iliyozidi. Seli moja imekufa kwa ndani, zimebaki tano kati ya sita, na volti zinazotosha seli sita zinazichoma hizo tano. Zima gari, iache itulie, upime: betri nzima iliyojaa inakaa 12.6 na kitu, hii itakukalia kwenye 10.5 au karibu na hapo. Badilisha betri, mambo yameisha.

Rudi kwenye ile ya zaidi ya 15. Hapa ndipo watu hukimbilia kununua, na hapa ndipo naomba utulie nami.

Regyuleta haioni betri. Inaona volti zinazoifikia kupitia waya wake wa chanya na ethi yake (njia ya kurudi hasi kupitia mwili wa gari), basi. Kazi yake ni kuhakikisha hapo ilipo pana, tuseme, 14.2. Zikipungua inaongeza umeme wa fildi, ile koili ya sumaku ndani ya alteneta, zikizidi inapunguza. Sasa ikiwa njiani kutoka kwenye betri hadi kwake volti moja inapotea, yeye anaona 13.2 na kuamini betri ina njaa. Anaongeza mpaka aione 14.2 yake. Wakati huo betri inakula 15.2. Regyuleta iko nzima, alteneta iko nzima, betri inachemka. Kuna mafundi wanaotumia kanuni hii kwa makusudi: wakitaka kuinua chaji kidogo wanachomeka daiodi (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa kupimia, volti za betri zinapanda kwa 0.6 hivi. Kutu kwenye kiungio hufanya kazi ileile bila kuombwa.

Gari la juzi lilikuwa la zamani, regyuleta iko nje, imefungwa kwa skrubu mbili kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi. Mwenyewe aliniambia kitu kimoja ambacho mafundi wawili waliomtangulia walikipuuza: akiwasha feni ya hita, taa zinang'aa zaidi. Zinang'aa, hazififii. Mzigo unaongezwa na volti zinapanda! Nikapima kwenye betri: feni ikiwa imezimwa 15.1, feni ikiwashwa 15.6. Kisha nikahamisha vibanio, kimoja kwenye chanya ya regyuleta, kingine kwenye mwili wake: 14.2 kamili, feni iwashwe au izimwe. Regyuleta ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu wote.

Ilibaki kutafuta ile 1.4, tofauti ya 15.6 na 14.2, imepotelea wapi. Kibanio chekundu kwenye chanya ya betri, cheusi kwenye chanya ya regyuleta, injini inanguruma, feni imewashwa: 0.9. Kisha hasi ya betri kwa mwili wa regyuleta: 0.5. Hizo volti zisizidi 0.2 kila upande, na mimi hufurahi zikiwa 0.1. Ule waya wa chanya ulikuwa unapita kwenye swichi ya ufunguo, na kupitia swichi hiyohiyo zilikuwa zinapita ampea za koili ya cheche za plagi, za fildi na za feni, jumla kama 9. Nukta za swichi (sehemu zinazogusana kupitisha umeme) zilizoungua zikiweka ukinzani wa omu 0.1 tu, zidisha mwenyewe: 0.9. Feni ikizimwa ampea zinapungua na upotevu unapungua nao, ndiyo maana volti za betri zilishuka.

Na tafadhali usinipimie waya huo kwa omu gari likiwa limezimwa. Nyaya za mita yenyewe zina omu 0.2 au zaidi, kwa hiyo omu 0.1 itajificha humo na utaniambia waya ni mzima. Kiungio kibovu hujionyesha umeme ukiwa unapita. Pima volti, injini ikiwa inazunguka, mzigo ukiwa umewashwa. Hili nimelirudia mpaka sauti imekauka.

Upande wa hasi ulikuwa rahisi zaidi na wa kusikitisha zaidi. Nilifungua zile skrubu mbili, nyuma ya masikio ya regyuleta nikakuta rangi. Gari lilipopigwa rangi upya, regyuleta ilirudishwa juu ya rangi mbichi. Umeme wote wa ethi ulikuwa unapita kwenye nyuzi za skrubu moja yenye kutu. Kuna regyuleta zenye waya wake wa ethi, ulioandikwa E, na huo ukikatika zile za koili na nukta hushindwa kuvuta kabisa: zinaachia fildi yote, na volti zinaruka juu kadiri injini inavyokwenda mbio.

Kama volti ni sawa pande zote mbili, yaani regyuleta yenyewe inaiona 15.6 na bado inaruhusu, hapo sawa, mtuhumu. Chomoa plagi ya fildi huku injini iko sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Chaji ikikatika, alteneta haina kosa na regyuleta imeshikana. Chaji ikiendelea kuwa juu, fildi inapata njia nyingine: waya umegusa mahali, au brashi (kaboni inayopeleka umeme kwenye fildi) imegusa mwili kwenye zile alteneta ambazo regyuleta hudhibiti upande wa ethi. Usichomoe betri injini ikizunguka ili kujaribu chaji. Volti huruka kwa makumi na daiodi za alteneta huondoka nazo, na juu ya betri inayochemka pana haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu hewani cheche moja inatosha kuilipua.

Linaloniudhi kupita yote ni kukunja springi ya regyuleta ya nukta ili volti zishuke. Inafanya kazi, ndiyo. Mita itasoma 14.2 na gari litaondoka. Ila umeipangia regyuleta kulingana na kutu ya siku hiyo. Kutu ikiongezeka, betri inachemka tena. Mtu akisafisha kiungio, betri inalala njaa, na hakuna atakayekumbuka kuwa springi iliguswa.

Nilichofanya mimi: nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikapitisha msasa, nikafunga waya wa ethi kutoka mwili wa regyuleta moja kwa moja hadi hasi ya betri. Upande wa chanya nikaweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Swichi ya ufunguo sasa inaamuru tu, umeme wa regyuleta unatoka kwenye betri kupitia fyuzi. Si kila mara huwa najua kiungio kipi hasa kilikuwa na kosa. Mara nyingine nasafisha vinne, tatizo linaondoka, na siwezi kukuapia ni kipi kati ya hivyo. Safari hii mita ilikuwa imenionyesha.

Kwenye betri, 14.3. Feni ikawashwa, 14.3. Ile alteneta yake ya kwanza, kubwa, iliyolaumiwa kwa yote haya, ilikuwa bado kwenye buti imefungwa kwa gunia. Nikamwomba nimrudishie. Nikaifunga, nikakaza mkanda, nikawasha, tukainama wote wawili juu ya mita. 14.3.