Habilitasheni: mtihani kati ya uzamivu na uprofesa Ujerumani

Wasifu wa mtaalamu wa fasihi ya Kijerumani ya Zama za Kati huenda hivi: uzamivu, miaka ya mikataba mifupi, habilitasheni, kisha mwito wa kwenda kuwa profesa chuo kingine. Hatua ya tatu ndiyo inayowatatiza wasomaji wa kwetu. Dar es Salaam au Nairobi, mwenye uzamivu hupanda ngazi palepale chuoni: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ujerumani ngazi hiyo imekatika katikati.

Habilitasheni ni uthibitisho wa kitivo kwamba mtu anaweza kufundisha taaluma yake yote, si ile mada ya tasnifu tu. Haihesabiwi kuwa uzamivu wa pili, ingawa hudai kitabu cha pili, na hicho kiwe mbali na cha kwanza. Aliyeandika juu ya Parzival ya Wolfram von Eschenbach, utenzi wa karibu mistari 25,000, akirudi na kitabu juu ya utenzi mwingine wa Wolfram huyohuyo, ataulizwa upana wake uko wapi. Afadhali ahamie kwenye mahubiri ya Meister Eckhart, mtawa na mwanatheolojia wa Zama za Kati. Hatari nyingine ni kuhariri miswada bila kujenga hoja. Nibelungenlied, utenzi wa mashujaa wa Zama hizo, una nakala kuu tatu, A ya München, B ya St. Gallen na C ya Karlsruhe, na hazikubaliani. Kuzilinganisha ni kazi ya miaka, lakini watahini watataka kujua tofauti hizo zinatuambia nini.

Kanuni hutofautiana chuo na chuo. Kwa kawaida kitabu husomwa na watahini watatu, angalau mmoja kutoka nje. Kikipita, mtahiniwa hupendekeza mada tatu za mhadhara, kitivo huchagua moja, naye huitetea mbele ya jopo. Mada hiyo nayo isitoke kwenye kitabu. Akifaulu hupewa idhini ya kufundisha, venia legendi, yenye jina la fani. Jina hilo lisomwe kwa makini: likiwa finyu, litamfungia nafasi zinazodai fasihi na lugha ya kale pamoja.

Sasa ni privatdozenti, PD kwa kifupi. Mshahara hauji na cheo hicho. Ili asikipoteze hana budi kufundisha, mara nyingi saa mbili kwa wiki katika muhula, na mara nyingi bila malipo. Kupandishwa kuwa profesa katika chuo chake ni nadra, hivyo huomba kwingine. Huko kamati hupanga majina, kwa kawaida matatu, na wa kwanza ndiye hupata mwito. Wakati huohuo saa inakwenda: sheria ya 2007 huruhusu mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake, na kitabu cha pili huweza kuimeza hiyo ya pili yote.

Tangu 2002 kuna njia ya uprofesa mdogo isiyodai habilitasheni, ila katika fani hii kamati nyingi bado huuliza kitabu cha pili kiko wapi. Na ukiona "apl. Prof." (außerplanmäßiger Professor, profesa nje ya nafasi rasmi) mbele ya jina, usidhani amepata kiti cha uprofesa: ni heshima anayoweza kupewa privatdozenti baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, nayo pia haina mshahara.